Safari ya Miguu Katika Milima ya Rwenzori

 Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za safari tuliyoifanya kwa miguu katika milima ya Rwenzori, iliyo magharibi ya Uganda, mpakani mwa Kongo. Twawaambia tangu mwanzo, asije mtu akangojea habari za ushujaa, na mwishowe akaona kwamba amepotezewa wakati wake: tulikwenda kutafuta theluji, na theluji hatukuikanyaga. Lakini tulirudi na elimu ambayo hatukuitafuta, nayo tuliiokota katika tope. Elimu hiyo ndiyo tunayotaka kuwagawia leo.

Kwanza yafaa tuujue mlima wenyewe. Rwenzori si mlima mmoja uliosimama peke yake kama Kilimanjaro, wala haukutokana na moto wa chini ya ardhi. Ni safu ya milima, urefu wake yapata maili 75, nayo ni bonge kubwa la mwamba lililosukumwa juu wakati ardhi ya pande hizi ilipopasuka na kufanya Bonde la Ufa la magharibi, penye maziwa ya Albert na Edward. Ndani ya safu hiyo mna milima 6 iliyopita mingine kwa kimo. Mmoja wao, Mlima Stanley, una kilele kiitwacho Margherita, ambacho kimo chake ni mita 5,109, yaani futi 16,762 juu ya usawa wa bahari. Katika Afrika nzima milima inayoupita ni miwili tu, Kilimanjaro na Kenya.

Mlima huu ni mwenye haya, hupenda kujifunika. Siku nyingi za mwaka mawingu huufunika hata mtu akapita chini yake asijue kama kuna kitu huko juu. Henry Stanley, yule msafiri aliyejulikana sana, alifika karibu nao mwaka 1876 asione theluji yoyote. Ila mwaka 1888 mawingu yalipofunguka ndipo alipoiona kwa macho yake. Mwaka 1906 mwana wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, alipanda pamoja na waongozaji kutoka milima ya kwao, akafika Margherita tarehe 18 Juni. Lakini Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, hawakuhitaji kuonyeshwa theluji na mtu awaye yote. Wao huiita nzururu, na wazee wao husema kwamba huko ndiko aliko Kitasamba, mwenye mlima. Na yule mwana wa kifalme asingalifika popote kama si mabega ya Wakonzo yaliyochukua mizigo yake.

Mwaka 1941 misitu ya mlima huo ilifanywa hifadhi ya miti. Mwaka 1991 serikali ya Uganda ikaifanya Hifadhi ya Taifa, na mwaka 1994 shirika la UNESCO likaiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 996. Ndani yake hamna barabara hata moja. Atakaye kuingia huingia kwa miguu yake, tena pamoja na kiongozi.

Sisi tulikuwa watu watano, waalimu watatu na vijana wawili, sote watu wa nchi tambarare. Tulifika Nyakalengija, penye lango la hifadhi, mwanzo wa Januari mwaka 2019, kwa kuwa miezi hiyo mvua hupungua kidogo. Hapo tulipewa wachukuzi na viongozi wawili. Mkubwa wao alikuwa mzee wa Kikonzo, mwembamba, mwenye maneno machache, aliyekijua Kiswahili kwa sababu ya kufanya biashara ujanani mwake ng'ambo ya mto Semliki, upande wa Kongo. Sote tulimwita Mzee.

Tulikuwa tumenunua viatu vya ngozi vya bei kubwa, navyo tulivivaa kwa fahari. Mzee akavitazama, akatabasamu, akatuletea mabuti ya mpira, kama yale ya watu wachimbao mitaro. Tukasema, "Mzee, haya ni ya shamba." Akajibu, "Ndiyo, wanangu. Na huko mwendako ni shamba. Vile vyenu vitieni mzigoni, mtavivaa penye mawe." Tukayavaa mabuti huku tukichekana. Kesho yake hapakuwa na mtu aliyecheka.

Siku ya kwanza tulipita mashamba ya kahawa na migomba, kisha tukaingia msituni. Njia yafuata mto Mubuku, ambao sauti yake haikuachi mchana wala usiku. Miti ni mirefu, na juu yake nyani na ndege hushindana kwa kelele. Katika kijiti kimoja Mzee alituonyesha kinyonga mwenye pembe tatu usoni, mfano wa kifaru mdogo aliyepanda mti. Jioni tukafika kibanda cha Nyabitaba, futi 8,700. Usiku tulisikia ukelele wa kutisha, kama mtu anayekabwa roho. Vijana wetu waliketi wima kitandani. Wachukuzi wakacheka, wakasema ni perere tu, mnyama asiyezidi sungura kwa ukubwa, naye analia kumwita mwenzake.

Siku ya pili tulishuka hata mahali mito miwili, Bujuku na Mubuku, inapokutana, tukavuka kwa daraja la kuning'inia. Toka hapo njia hupanda katika mianzi, kisha dunia hugeuka. Hatuna neno lililo bora kuliko hilo. Miti ile ya chini hukoma, na mahali pake husimama miti ya jamii ya erika, ambayo huko kwingine ni vichaka vya kufika magotini, bali hapa ni miti kamili, imepinda kama wazee, na kila tawi limening'iniza nyuzi za kijivu kama ndevu. Chini hakuonekani udongo wala jiwe. Kila kitu kimevikwa kuvumwani, yaani majani madogo, laini, ya kijani na ya manjano, mfano wa zulia nene. Ukiweka mguu unazama. Ukishika mti ili usianguke, mkono unazama. Tulilala John Matte, futi 11,200, nguo zote zikiwa maji.

Siku ya tatu ndiyo siku tuliyolijua tope. Juu ya John Matte kuna vinamasi viitwavyo Bigo. Ni bonde pana, nalo limejaa mafundo ya majani magumu yaliyosimama kama vichuguu, na kati ya fundo na fundo kuna tope jeusi lisilo na kina cha kujulikana. Mahali pengine wametandika njia ya mbao, na hapo mtu hupita salama. Lakini mbao hazikutosha kila mahali, na penye mwisho wake ilitupasa kuruka toka fundo hata fundo kama vyura. Ukikosea unaingia hata mapajani, na buti hubaki chini nawe ukatoka na soksi. Mwalimu mmoja wetu, mtu mzito wa mwili na mpole wa tabia, aliingia mara tatu, na mara ya tatu aliketi humo humo akalilaani tope, na aliyeliumba, na siku aliyozaliwa yeye mwenyewe, kisha akaomba msamaha. Sote tulilichukia. Mmoja akasema kwamba kama yeye angekuwa serikali, angechimba mitaro mikubwa akalikausha bonde lote, akatandika barabara ya mawe hata juu. Mzee alisikia, asijibu neno.

Juu ya Bigo tuliona mimea ambayo hatukuiamini. Lobelia, ambayo kwetu ni ua la bustani, huko husimama kama mnara, imemzidi mtu kimo. Na ile miti iitwayo senesio yafanana na vinara vikubwa vya taa: shina nene lenye koti la majani makavu, na juu kichwa cha majani mabichi. Mzee alitueleza kwamba majani yale makavu hayaanguki kwa makusudi, kwa kuwa huko usiku ni kipupwe na mchana ni kiangazi, na mti huvaa majani yake ya zamani kama mtu avaavyo blanketi. Tukalala Bujuku, kando ya ziwa, futi 13,000.

Siku ya nne tulipanda hata kibanda cha Elena, yapata futi 14,900. Hapo mimea imekwisha. Ni mwamba mtupu. Jioni mawingu yalifunguka kwa muda wa dakika chache, na tazama, barafu ilikuwa juu yetu, nyeupe, na mwanga wa jua la kutua umeitia rangi ya dhahabu. Tulinyamaza. Mzee akanyosha mkono, akatuonyesha mwamba mweusi chini ya barafu ile, mbali nayo, akasema, "Nilipokuwa kijana tulianza kukanyaga barafu pale. Sasa twatembea mawe saa nzima ndipo tuifikie."

Hayo si maneno ya mzee anayesifu ujana wake tu. Yule mwana wa kifalme alipopanda mwaka 1906, milima yote 6 ilikuwa na barafu, na mpiga picha wake, Vittorio Sella, aliipiga picha nzuri sana ambazo zipo hata leo. Wataalamu waliokwenda baadaye wakasimama mahali pale pale na kupiga picha tena, waliona kwamba barafu yapungua mwaka baada ya mwaka. Mwanzo wa karne hii ilikuwa imebaki katika milima mitatu tu, na leo ni mabaki yanayozidi kupungua, yaliyo makubwa yakiwa katika Mlima Stanley. Sababu iliyo kubwa ni kwamba hewa ya dunia imezidi kuwa na joto. Ndiyo maana haraka ilituingia. Tulisema, "Tuikanyage kabla haijaisha."

Katika wenzetu alikuwamo kijana mmoja, mdogo kuliko sote, mwenye nguvu kuliko sote. Siku zote nne yeye ndiye aliyetangulia. Jioni ile hakula. Alisema kichwa chamgonga, lakini akatuomba tusimwambie Mzee. Nasi, kwa kuwa tuliitaka theluji, tulikubali kunyamaza. Hilo ni kosa letu, nasi twalikiri mbele yenu.

Mpango ulikuwa kuamka saa 8 usiku, ili tufike kileleni mapema. Tulipoamka, kijana yule alitapika, akasimama, akaenda akigonga ukuta kama mlevi. Mzee akawasha taa, akamtazama machoni, akamwambia, "Mwanangu, tembea juu ya ubao huu mmoja wa sakafu, kisigino mbele ya kidole, toka huku hata kule." Kijana alipiga hatua mbili, ya tatu akaanguka. Mzee akageuka kwetu, akasema, "Fungeni mizigo. Twashuka sasa hivi."

Hapo twawaambia ukweli, ingawa hautupendezi. Wawili wetu hawakutaka. Walisema: Mbona kiongozi wa pili asikae na mgonjwa hata asubuhi, nasi tukapanda na Mzee? Tumelipa fedha, tumekuja toka mbali, kilele ki juu yetu. Akipumzika atapona. Maneno yakawa makali, usiku ule, katika baridi, na mgonjwa akisikia. Yeye mwenyewe alilia akisema tumwache. Mzee alingoja tukamaliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wanangu, kilele hakihami. Kitakuwapo mwakani. Mtu ndiye ahamaye." Akaanza kumvika yule kijana mabuti yake, kama baba anavyomvika mtoto. Hakuna aliyeongeza neno.

Na ninyi wasikilizaji yafaa mjue sababu yake, maana hata wanaopanda Kilimanjaro, Meru au Elgon waweza kupatwa na jambo hilo hilo. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi. Pale Elena hewa imepungua hata kukaribia nusu ya ile ya pwani. Mwili waweza kuizoea, lakini wataka siku nyingi. Mtu akipanda haraka kuliko mwili wake, huumwa kichwa, hukosa hamu ya chakula na usingizi, hutapika. Hiyo ni dalili ya kwanza, na mwenye kuiona asipande tena mpaka iishe. Lakini akianza kuyumba, au kusema maneno yasiyo na maana, au kupumua kwa shida hali ameketi, basi maji yameanza kuingia katika ubongo au mapafu, na kungoja asubuhi ni hatari ya kufa. Dawa iliyo kuu ni moja: ashuke, upesi, ingawa ni usiku. Tena nguvu za mwili si kinga. Mara nyingi anayeumia ni yule hodari, kwa kuwa yeye ndiye apandaye mbio.

Kutoka Elena zilikuwapo njia mbili. Moja hushuka hata maziwa ya Kitandara, mahali penye sifa ya uzuri kuliko pote, nasi tulitumaini tutapita huko. Lakini mbele ya Kitandara mtu lazima apande tena hata futi 14,000 ndipo atoke. Mzee alichagua kurudi njia tuliyojia, kwa sababu hiyo yashuka tu. Basi tukarudi Bujuku, na toka Bujuku tukarudi katika tope.

Kijana alishikwa mkono huku na huku. Tulipofika Bujuku kulikuwa kumekucha, naye aliweza kusimama peke yake. Tulipokaribia Bigo aliomba chai. Watu wawili wale waliokuwa wamegombana na Mzee walimpikia wenyewe, wakampa, wakaenda kando. Na mmoja wao alikuwa akifuta macho. Tangu hapo ndio waliochukua mzigo wake hata mwisho wa safari.

Tuliketi juu ya mbao, katikati ya vinamasi, tukingoja kijana apate nguvu. Mvua ilianza kunyesha kwa nguvu. Ndipo Mzee alipokumbuka neno la siku ile. Akainama, akang'oa kipande cha kuvumwani, kadiri ya konzi, akamkabidhi yule aliyetaka kuchimba mitaro, akasema, "Kikamue." Mwenzetu akakikamua kwa mikono miwili kama nguo. Maji yakatoka, yakatoka tena, yakajaza kikombe na kumwagika. Mzee akasema, "Sasa tazama bonde lote hili, na milima hii yote, na miti yake iliyovikwa. Wataka kuikamua? Shamba langu liko chini kule. Maji yako yote yatanifikia siku moja, na kesho yake sitakuwa nayo hata ya kunawa."

Wasikilizaji, tulikaa kimya, mvua ikitupiga. Tulikuwa tumeitazama barafu kama ndiyo mali ya mlima, na tope kama adui yetu. Lakini wataalamu waliopima mito ile waliona kwamba maji yatokayo katika barafu ni sehemu ndogo sana ya maji ya mto Mubuku. Mto hulishwa na mvua. Na mvua hushikwa na msitu, na kuvumwani, na vinamasi, ikaachiliwa pole pole, leo kidogo na kesho kidogo, kama mama mwenye akili agawavyo unga wa mwezi. Barafu ni taji ya mlima, na kuipoteza ni huzuni kubwa. Bali tope ndilo ghala lake.

Na ghala hilo latosheleza wangapi? Fuateni tone moja la maji. Latoka Bigo, laingia Bujuku, laingia Mubuku. Njiani lageuza mitambo ya umeme. Chini bondeni mifereji huligawa katika mashamba ya Mubuku, kunakolimwa mpunga na mahindi. Lisilonyweka huko huingia ziwa George, lapita mfereji wa Kazinga kwa viboko na wavuvi, laingia ziwa Edward, lashuka na mto Semliki upande wa Kongo, lafika ziwa Albert, na mwisho laingia katika Nile na kwenda zake Sudani na Misri. Yule mwalimu wetu aliyelilaani tope alikuwa ameketi, bila kujua, juu ya mtungi wa mataifa mengi.

Tulipita daraja jioni ya siku iliyofuata. Kwa mvua zile tulitazamia kukuta mafuriko. Kweli maji yalikuwa yamepanda, yenye rangi ya chai. Lakini hayakuwa na udongo, na daraja lilisimama juu yake bila hatari. Kesho yake tukatoka langoni, sote watano, kijana akitangulia tena, safari hii polepole.

Labda tungaliyasahau maneno ya Mzee kama yale ya kitabuni, lakini tulipofika mji wa Kasese tulipelekwa kuliona bonde jingine la mlima ule ule, la mto Nyamwamba, karibu na Kilembe, palipokuwa na machimbo ya shaba zamani. Tuliona mawe makubwa kama vibanda yamelala mahali palipokuwa nyumba za watu. Watu wakatueleza. Mwaka 2012 moto uliteketeza mimea ya sehemu za juu za bonde hilo. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei 2013, mvua kubwa ilinyesha mlimani. Miteremko ikaporomoka, mto ukashuka na mawe na magogo, ukavunja madaraja, nyumba, shule, na majengo ya hospitali, na watu wakafa. Wataalamu waliochunguza walitaja sababu zaidi ya moja: wingi wa mvua, ukali wa miteremko, na moto ule uliokuwa umeuvua mlima nguo zake. Nasi tulipokuwa tumekwisha rudi makwetu, mwezi wa Mei 2020, tulisikia kwamba Nyamwamba umekuja tena, na maelfu ya watu wamekimbia nyumba zao.

Mtu atauliza: Sisi tulio mbali na Rwenzori yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa karibu kila kijiji kina Bigo yake. Yaweza kuwa kinamasi kilicho nyuma ya shule, ambacho watu hukiita mahali pa mbu na kutaka kukikausha. Yaweza kuwa msitu mdogo ulio juu ya kisima. Yaweza kuwa majani ya ukingo wa mto, ambayo mwenye jembe huyaona kama shamba lililopotea. Kabla hujayakata, wala hujayachoma, ingia ndani, inama, shika kipande cha udongo wake wakati wa kiangazi, ukikamue. Kikitoa maji, basi hapo pana ghala, nawe ni mlinzi wake. Panda juu yake miti ya kwenu inayopenda maji, usilime hata ukingoni, na usiache moto nyuma yako wakati wa ukavu, hata ukiwa mdogo wa kupashia chai.

Nanyi wanafunzi, mkipata nafasi ya kupanda mlima wowote, pandeni, maana ni shule kubwa. Chukueni nguo kavu mzigoni katika mfuko usiopitisha maji. Endeni kwa mwendo wa aliye nyuma. Mwenye kuumwa kichwa aseme, na wenzake wasimnyamazishe. Msikilizeni mwenyeji, hata kama viatu vyake ni duni kuliko vyenu. Na mkilazimika kurudi kabla ya kilele, rudini, msione haya.

Sisi theluji hatukuikanyaga. Yule kijana ni mzima. Naye amekuwa mwalimu, na kila mwanzo wa mwaka huwapeleka watoto wa darasa lake katika kinamasi cha kijiji, huwapa kila mmoja kipande cha udongo akamue, kisha huuliza ni nani ajuaye maji haya yanakwenda wapi. Mzee, tulipoagana naye langoni, tulimwomba atuambie kama tutaweza kurudi tukaifikie nzururu. Akatazama juu, kulikuwa na mawingu tu. Akasema, "Njooni. Kama haipo, tutakwenda kutazama tope."